Mikono wanaitaka, mwenye mikono hawamtaki!

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2024, saa saba na dakika 28, meli ya makontena iitwayo Dali ilizimika umeme ikiwa inatoka bandari ya Baltimore nchini Marekani, ikaenda kugonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja hilo kubwa likaporomoka majini kwa sekunde chache. Polisi walikuwa wamepata onyo kutoka melini, wakawahi kuzuia magari, na kwa hilo wanastahili pongezi. Lakini juu ya daraja walibaki watu wanane wa kazi ya kuziba mashimo barabarani. Wawili waliokoka. Sita wakafa.

Hebu tazama walikotoka hao sita. Wawili Guatemala, mmoja El Salvador, mmoja Honduras, wawili Mexico. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Marekani! Wenye magari walikuwa wamelala majumbani, wakisubiri asubuhi wapite juu ya lami laini, na walioamka usiku wa manane kuwalainishia lami hiyo ni watu ambao kila siku huitwa wavamizi.

Miezi mitatu tu kabla ya ajali hiyo, Desemba 2023, Donald Trump alikuwa akihutubia mikutano ya kampeni na kuwaambia wafuasi wake kwamba wahamiaji wanaitia sumu damu ya nchi yao. Watu wakapiga makofi. Na siyo siri, ndugu msomaji, kwamba hata huku kwetu wapo wanaoyameza maneno hayo bila kutafuna. Wiki iliyopita kijiweni kwetu jamaa mmoja alisema wazi kwamba hao Walatino wamekwenda Marekani kula cha bure, na kama wana shida basi ni ya kujitakia. Nilibishana naye mpaka kahawa ikapoa. Makala hii ni mwendelezo wa ubishi huo, kwa sababu siku ile alinizidi sauti.

Mimi si msomi wa uchumi. Niliishia kidato cha nne, na hesabu ndiyo iliyoniangusha. Lakini takwimu ninazozitaja hapa zinatoka kwenye sensa na hesabu za Wamarekani wenyewe, na hazihitaji digrii kuzielewa.

Mwaka 1980 wahamiaji waliozaliwa Amerika ya Kati na kuishi Marekani hawakufika 400,000. Mwaka 2021 walikuwa milioni 3.8, wengi mno wakiwa wa nchi tatu nilizozitaja: El Salvador, Guatemala na Honduras. Kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 16 na kuendelea, zaidi ya 70 walikuwa kazini au wakitafuta kazi. Kwa wazaliwa wa Marekani ni kama 62. Atakuja mtu aseme Wamarekani wana wazee wengi waliostaafu. Ni kweli, sikatai. Lakini basi lile neno la "kula cha bure" tulifute leo hii, kwa kuwa anayekula cha bure hatoki nyumbani alfajiri na kapu la zana begani.

Sasa njoo kwenye kipato. Zipange kaya zote mstari mmoja, kuanzia fukara mpaka tajiri, kisha ichukue ile iliyosimama katikati. Mwaka huo wa 2021, kaya ya katikati ya watu wa Amerika ya Kati ilipata kama dola 60,000 kwa mwaka. Ya wazaliwa ilipata kama dola 70,000. Tafadhali usizigeuze dola hizo kuwa shilingi ukaanza kuwaonea wivu! Katika miji kama Los Angeles au Washington kodi ya nyumba pekee humeza sehemu kubwa ya fedha hiyo. Halafu nyumba ya Mguatemala mara nyingi ina watu wengi zaidi na wafanyakazi wengi zaidi chini ya paa moja: baba, mjomba, kaka na mpangaji wa sebuleni. Kwa hiyo mikono mitatu minne huko inaingiza kisichofikia kile ambacho kwa Mmarekani kinaingizwa na mikono michache.

Karibu mmoja kati ya kila watano wa wahamiaji hao alikuwa chini ya mstari wa umaskini unaowekwa na serikali ya Marekani. Kwa wazaliwa ni kama mmoja kati ya wanane. Zaidi ya theluthi moja hawakuwa na bima ya afya. Kwa wazaliwa ni saba tu kwa mia. Na elimu? Karibu nusu ya watu wazima kutoka Amerika ya Kati hawakumaliza sekondari, wakati kwa wazaliwa hafiki mmoja kati ya kumi.

Hapo ndipo wasomi hupenda kufunga daftari. "Hawakusoma, ndiyo maana ni maskini, tuendelee na jambo jingine." Mimi ambaye cheti changu kinanipeleka mlango wa nyuma kila ninapoomba kazi, nasema tungoje kwanza.

Binamu yangu yuko Maryland, jirani na Washington, mwaka wa sita sasa. Eneo hilo lina Wasalvador wengi kupita karibu kila mahali Marekani ukiacha Los Angeles, na Waswahili wenzetu wapo pia, wengine wakibeba maboksi, wengine wakitunza wazee. Yeye anasafisha maofisi usiku. Aliyemfundisha kazi ni mama mmoja wa El Salvador: dawa gani inatoa doa kwenye zulia, mashine ya kung'arisha sakafu inashikwaje isikuburute. Binamu ana kadi ya kijani. Mama yule hana karatasi yoyote. Basi baada ya miezi mitatu mwanafunzi akawa analipwa kuliko mwalimu! Binamu analipwa kwa hundi, na akipitisha saa 40 kwa wiki anapata nyongeza kama sheria inavyotaka. Mama analipwa noti mkononi na msimamizi wa kandarasi ndogo, saa 60 kwa bei ile ile, na risiti hakuna.

Siku moja noti zikaja pungufu. "Kaka, nilimwambia mama twende tukashitaki, sheria ipo," binamu alinisimulia kwenye simu. "Akaniambia, nenda wewe mwanangu, mimi nikienda sitarudi."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Binamu na yule mama hawapishani kwa elimu, maana wote wawili elimu yao haikuulizwa na mtu. Hawapishani kwa juhudi wala kwa ujuzi. Wanapishana kwa kadi ndogo ya plastiki. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo: pengo kati ya mtu wa Amerika ya Kati na Mmarekani halikuletwa na uvivu, na kwa sehemu kubwa halikuletwa hata na ujinga. Limejengwa, na linatunzwa na sheria, kwa faida ya watu wanaojulikana.

Msomaji anaweza kudhani natia chumvi. Basi atazame kesi ya kampuni ya Hoffman Plastic ya California. Mfanyakazi mmoja kutoka Mexico alifukuzwa kazi kwa kusaidia kuunda chama cha wafanyakazi. Kumfukuza mtu kwa sababu hiyo ni marufuku Marekani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Machi 2002 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kuwa, kwa vile mtu huyo hakuwa na makaratasi, hatalipwa mishahara aliyoipoteza. Kwa lugha ya kijiweni: tajiri kakosa, lakini halipi. Hivi wewe ungekuwa tajiri, na mbele yako wamesimama vibarua wawili, mmoja ukimwonea atakushitaki na mwingine ukimwonea mahakama itakupunguzia gharama, ungemwajiri nani?

Na wakati huo huo wanalipa kodi! Hili huwa haliaminiki, lakini ndivyo lilivyo. Taasisi ya Marekani ya masuala ya kodi, ITEP, ilikadiria kuwa mwaka 2022 wahamiaji wasio na makaratasi wa mataifa yote kwa pamoja walilipa kodi za dola bilioni 96.7. Ndani ya hizo, karibu bilioni 26 ziliingia mfuko wa pensheni wa taifa. Pensheni yenyewe hawaruhusiwi kuichukua. Yaani kijana wa Honduras anayepanda juu ya mapaa kwenye jua la Texas anamchangia uzeeni Mmarekani anayemtukana, na yeye akizeeka, shauri yake. Hata wenye makaratasi hawakusalimika: Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayomtaka mwenye kadi ya kijani asubiri miaka mitano kabla ya kupata misaada mingi ya serikali kuu. Sasa "cha bure" kinacholiwa kiko wapi?

Twende kwenye viwanda vya kuku, kwa kuwa huko ndiko unafiki unakoonekana kwa macho. Agosti 7, 2019, askari wa uhamiaji walivamia viwanda saba jimboni Mississippi, wakakamata watu 680, wengi wao wa Guatemala na Mexico. Kwa watoto wengi wa huko ilikuwa ndiyo siku ya kwanza ya kufungua shule. Walirudi nyumbani na mabegi yao mapya, wakakuta mlango umefungwa.

Miezi minane baadaye ukaja ugonjwa wa korona. Wamarekani wakajifungia ndani, wafanyakazi wa viwanda vya nyama wakaanza kuugua kwa sababu kule watu husimama bega kwa bega, na baadhi ya viwanda vikafungwa. Unajua serikali ile ile ilifanya nini? Aprili 28, 2020, Rais Trump alitoa amri ya kuvitaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi, kwa maelezo kwamba ni muhimu kwa taifa. Agosti ni wahalifu, Aprili ni watu muhimu! Wameacha kuwa wahalifu lini? Hakuna aliyewapa kibali hapo katikati. Wamarekani walitaka kula tu.

Na wakubwa wakipungua, wanaingia watoto. Februari 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni moja ya usafi ilikuwa imewatumia watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, kusafisha machinjio usiku katika majimbo manane, kwa dawa kali na mashine za kukatia nyama. Faini ikawa dola milioni 1.5. Julai mwaka huo huo, kijana wa miaka 16 kutoka Guatemala aliuawa na mashine katika kiwanda cha kuku mjini Hattiesburg, Mississippi. Alikuwa kazini kwa makaratasi ya mtu mzima. Mtoto wa Mmarekani wa umri huo alikuwa likizo.

Naomba nieleweke. Sisemi Wamarekani wote wanastarehe. Wapo walalahoi wa Kimarekani, na tena wengi. Katika miji hiyo hiyo ya kuku ya Mississippi wapo Wamarekani weusi ambao mama zao ndio waliozisimamisha zile kazi, na ambao walipoanza kudai mishahara mizuri na vyama vya wafanyakazi, wenye viwanda waliamua kutafuta mikono mingine. Katika miaka ya 1990 waliwafuata wahamiaji huko Texas na Florida, wakawaleta kwa mabasi. Mtu mweusi wa Mississippi akisema "walinishusha bei", hasemi uongo. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, hakijaongezwa tangu mwaka 2009, na Mississippi haina kima chake yenyewe.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana naye kidogo. Aliyemshusha bei si Mguatemala, maana Mguatemala hakupanga mshahara. Kama yule wa Guatemala angekuwa na karatasi, angeweza kukataa bei ndogo, angeingia chama kimoja na yule mweusi, na bei ingepanda kwa wote wawili. Ndivyo ilivyotokea kwa wengi waliopewa makaratasi na sheria ya msamaha ya mwaka 1986: mishahara yao ilipanda baada ya kutoka mafichoni. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayepiga kelele za "wavamizi" huku akiwaajiri usiku, anakula pande mbili. Anapata kibarua wa bei poa, na anapata mlalahoi mweupe na mweusi wenye hasira na mtu mwingine badala ya yeye.

Jamaa yangu wa kijiweni alikuwa na hoja ya mwisho, aliyodhani ni msumari: "Kwani nani aliwaita? Si wangekaa kwao?"

Swali zuri. Mwaka 1954 Guatemala ilikuwa na rais aliyechaguliwa kwa kura, Jacobo Árbenz, aliyeanza kugawa kwa wakulima ardhi iliyolala bila kulimwa, ikiwemo ya kampuni kubwa ya ndizi ya Kimarekani, United Fruit. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likasuka mpango wa kumwangusha, na akaanguka. Kilichofuata ni tawala za kijeshi na vita vya mwaka 1960 hadi 1996, vilivyoua au kupoteza watu wapatao 200,000, walio wengi wakiwa wenyeji wa kabila za Wamaya. El Salvador ilipigana kuanzia 1980 hadi 1992, zaidi ya watu 75,000 wakafa, na jeshi la serikali lilikuwa likipewa fedha na silaha na Washington. Nicaragua nako waasi wa Contra walilelewa na Marekani kutoka ardhi ya Honduras, mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaitia Marekani hatiani mwaka 1986. Marekani ikapuuza hukumu hiyo.

Sasa mtu nyumba yake imechomwa kwa kiberiti chako, akikimbilia barazani kwako unamwuliza nani kamwita?

Tena walimwuliza kweli. Mwaka 1984 maombi ya ukimbizi ya Wasalvador na Waguatemala yaliyokubaliwa hayakufika matatu kwa mia. Siyo kwamba ushahidi ulikosekana. Kumkubali Msalvador kuwa mkimbizi kungekuwa ni kukiri kwamba serikali inayofadhiliwa inaua raia wake. Mnikaragua aliyewakimbia Wasandinista, maadui wa Marekani, alitazamwa kwa jicho jingine, na mwaka 1997 Bunge likampitishia sheria ya kupata ukaazi kwa wepesi. Msalvador na Mguatemala, katika sheria hiyo hiyo, wakaambiwa kila mmoja akathibitishe shida zake peke yake. Umeona? Hata kati ya maskini wa kanda moja, Marekani ilichagua machozi ya kuyafuta.

Kuna mambo mazuri, na mwandishi anayeyaficha ni mwongo. Tangu mwaka 1982 Mahakama ya Juu imeamua kuwa mtoto asiye na makaratasi ana haki ya kusoma shule ya serikali, na watoto wa wasafisha maofisi wamefika vyuo vikuu. Anayezaliwa pale ni raia kwa Katiba, tangu mwaka 1868. Januari 2025 Trump alitia saini amri ya kutaka kuukata uraia huo kwa watoto wa wasio na makaratasi, na mahakama zikaizuia. Na kuna kioja kimoja kinachowashangaza madaktari: Walatino wa Marekani, pamoja na umaskini wao na kukosa bima, huishi umri mrefu kuliko weupe. Mwaka 2022 wastani wao ulikuwa miaka 80, weupe 77 na nusu, weusi hawakufika 73. Wengine wanasema ni kwa sababu anayehama ni yule mwenye nguvu, wengine wanasema ni jamaa kukaa pamoja na kuvuta sigara kidogo. Mimi nasema labda wanakataa kufa kabla deni la safari halijaisha.

Maana hawaishi kwa ajili yao peke yao. Mwaka 2023 Guatemala ilipokea karibu dola bilioni 20 kutoka kwa wanawe walio nje, Honduras zaidi ya bilioni 9, El Salvador zaidi ya bilioni 8. Kwa Honduras na El Salvador hiyo ni kama robo ya pato lote la taifa. Yule mama wa noti pungufu naye yumo kwenye hesabu hiyo. Kila Ijumaa, binamu anasema, anapanga foleni dirishani kutuma dola zake, halafu anarudi kwa miguu ili kuokoa nauli ya basi.

Nimalizie na watu wanaofuata sheria, kwa kuwa jamaa yangu alidai anayetaka haki afuate sheria kwanza. Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras na Nicaragua na kuua maelfu kwa maelfu. Januari 1999 Marekani ikawaambia waliokwishaingia nchini: jiandikisheni, tutawapa kibali cha muda. Wakajitokeza. Wakatoa majina, anwani na alama za vidole. Kibali kikawa kinahuishwa kila baada ya miezi michache, 18 kwa kawaida, na kila mara kwa ada na kwa kupekuliwa upya kama hawana makosa. Wamejenga, wamelipa kodi, wamezaa. Kibali chenyewe hakikuwafungulia njia ya kadi ya kijani miaka yote hiyo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, rika langu mimi ninayeandika haya.

Julai 2025 serikali ya Trump ilitangaza kukifuta, kwa maelezo kwamba kimbunga kimekwisha. Mawakili wakakimbilia mahakamani. Na serikali haikuhitaji kuwatafuta watu hao, makumi ya maelfu, walipo. Anwani wanazo, walizipewa na wenyewe.